Uchambuzi wa Mboga

Kila mwaka ikifika Septemba, kurasa zetu za mtandaoni hupatwa na mafua ya Ulaya. Mtu aliyezaliwa Kasarani, akasomea Kasarani, na hadi leo analipa kodi ya nyumba Kasarani, anaandika kuhusu mwisho wa kiangazi. Mshumaa umewashwa. Chai ina mdalasini. Mwanga wa jioni umelainika, na moyo una ile huzuni tamu ya kitu kinachopita. Kwenye roshani kuna mkebe wa rangi uliopandwa dania. Sentensi ni laini, picha ni safi, tunabonyeza kopa, tunapita.

Sina ugomvi na mshumaa, na dania kwenye mkebe ni afadhali kuliko mkebe mtupu. Ugomvi wangu ni na kalenda. Septemba Nairobi ndiyo kwanza tunavua masweta ya Julai, na jakaranda zinajiandaa kuchanua. Ni kiangazi gani hicho kinachoisha? Cha nani?

Ninaandika haya nikiwa Osiri, upande wa Nyatike, Kaunti ya Migori. Hapa kiangazi huitwa oro. Hushika Desemba, Januari hukaza, na kufikia Februari kila mtu anaangalia wingu kama mtu anayemdai. Machi kikiisha, hakuna anayekiaga kwa huzuni. Watu wanatafuta jembe. Wanauliza bei ya mbegu. Mama wa boma anatoka nje usiku, ananusa upepo, anarudi ndani bila kusema neno, na asubuhi yake unaamshwa mapema.

Hoja yangu katika makala hii ni hii: raha ndogondogo za nyumbani na bustanini tunazo. Hata vitabuni tunazo, tena vitabu ambavyo wengi wetu tumevishika. Tatizo ni kwamba tulifundishwa kuzisoma kama alama za kitu kingine, kikubwa zaidi. Kwa hiyo siku tunayotaka kuziandika sisi wenyewe, tunajikuta hatuna lugha, tunakimbilia kuazima msimu wa watu.

Tuanze na huo msimu wa kuazima. John Keats aliandika shairi lake maarufu la majira hayo mnamo Septemba 1819, baada ya matembezi ya jioni nje ya mji wa Winchester, na likachapishwa 1820. Ni shairi la ajabu, na sitaki mtu aniambie kwamba nimelidharau. Lakini angalia limesimama wapi katika mwaka wa mkulima. Mavuno yameingia. Matunda yameiva hadi yanaelemea matawi. Ghala imejaa, shamba limebaki mabua, na sasa mshairi anaweza kukaa kitako na kuhuzunika kidogo. Huzuni yake ina ghala nyuma yake.

Kamusi zetu hutafsiri majira hayo kuwa "vuli". Hapo Kiswahili chenyewe kinakataa. Vuli, kwa mtu wa pwani aliyetupa neno hilo, ni mvua fupi. Ni wakati wa kupanda. Yaani neno tulilopewa kubeba kufifia kwa mwaka wa Mwingereza lina maana ya mwanzo kwetu. Ukiandika "vuli" kwenye makala yako ya mshumaa, shangazi yako wa Kilifi anadhani unatafuta mbegu.

Huku kwetu, kiangazi kinapoisha ndipo ghala, dero kwa Kijaluo, inapokuwa tupu kuliko wakati wowote. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha au yamebaki ya mbegu, mengine yakining'inia juu ya moshi wa jikoni ili wadudu wasiyaguse. Unga unanunuliwa kwa gorogoro. Kwa hiyo raha za mwisho wa kiangazi zinakuja kabla ya shibe, na hiyo inabadilisha kila kitu, kuanzia jinsi unavyozionja hadi jinsi unavyopaswa kuziandika. Ni raha za mtu mwenye njaa kidogo na matumaini mengi.

Hebu nizitaje chache, bila kuzipaka mafuta.

Kuna kusiriba nyumba. Kabla mvua haijaanza, udongo na samadi ya ng'ombe vinakandwa kwa maji, na sakafu na kuta zinapigwa upya kwa kiganja. Ukiangalia ukuta uliokauka vizuri unaona nusu duara za mkono, moja baada ya nyingine, kama maandishi. Harufu yake ni kali siku ya kwanza, na siku ya tatu ni harufu ya nyumba tu. Lakini magoti ya aliyeisiriba yanauma wiki nzima.

Kuna mvua ya kwanza kwenye mabati. Aliyekulia chini ya mabati anajua kwamba mvua hiyo hainyamazishi maongezi tu, inayapa ruhusa yaishe. Kila mtu anakaa kimya bila kuonekana ana kisirani. Beseni na ndoo zinatoka mbio kukinga maji chini ya paa, kwa sababu maji hayo hayana deni na hayajabebwa kichwani na mtu.

Kuna kumbikumbi, wanaopaa kutoka kichuguuni mvua ikishapiga, na watoto wanaowawinda kwa taa na beseni la maji. Waliokaangwa kwa chumvi hawahitaji mafuta, wanatoa yao wenyewe. Hakuna mgahawa wa Kilimani uliowahi kukupa kitu cha namna hiyo bila kukutoza huduma.

Na kuna orundu, kibustani kinachokaa karibu na nyumba, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Wiki mbili za mvua zinatosha kubadilisha sura yake. Apoth, ile mboga tunayoiita mrenda, inajiotea bila kuombwa. Osuga, yaani managu, inafuata. Dek, ambayo ndugu zetu wa Kisii huiita chinsaga na Mnairobi huiita saga, inapandwa kwa kurushwa na kufunikwa kidogo. Kuna mitoo, kuna kunde, kuna susa, majani ya malenge. Dek na mitoo ni chungu. Zinachemshwa, zinatiwa maziwa, zinalala, zinapashwa tena kesho na maziwa mengine. Siku ya tatu uchungu umekuwa kitu ambacho hakina jina zuri, lakini ukikipata hutaki kukishiriki. Ni mboga inayokufundisha kungoja.

Sasa, tuje kwenye vitabu, kwa sababu hii ni makala ya uhakiki, si tangazo la utalii.

Kiswahili kina neno ambalo walimu wetu walilitumia kila siku bila kulitazama: kuchambua. Kabla halijaingia darasani, neno hili lilikuwa na kazi jikoni. Unakaa kwenye kigoda, uteo mapajani, fungu la mboga pembeni. Unatenga jani na shina gumu. Unaondoa lililotobolewa na wadudu, unatupa nyasi iliyojipenyeza. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye sufuria. Nilidhani uchambuzi wa fasihi ungekuwa hivyo hivyo. Tulichofundishwa kilikuwa kinyume: tupa jani, hifadhi shina. "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne." Maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Ukimaliza kujibu, kitabu kimekauka na wewe hujala.

Chukua Song of Lawino ya Okot p'Bitek. Aliitunga kwanza kwa Kiacholi, na kwa Kiingereza ikatolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1966. Kila aliyepita kwenye darasa la fasihi Afrika Mashariki anajua habari ya boga. Ile methali ya Waacholi kuhusu boga la boma la zamani, ambayo Lawino hachoki kumkumbusha mumewe Ocol, imeandikiwa insha nyingi kiasi kwamba ungezitandika zingefunika barabara ya hapa hadi Homa Bay. Zote zinafika mahali pamoja: boga ni utamaduni. Alama kumi. Swali linalofuata.

Sawa, boga ni utamaduni. Lakini kabla halijawa utamaduni, ni boga. Linatambaa. Linaota hata kwenye boma ambalo watu walishahama. Majani yake yanaliwa, tunda linaliwa, mbegu zinakaangwa. Akili yote ya methali ile inatoka kwenye tabia za mmea huo: usiharibu kitu kinachokulisha wakati hukugharimu chochote. Hapa Osiri mahame ya aina hiyo huitwa gunda. Udongo wa gunda una rutuba kwa sababu ng'ombe walilala pale miaka na miaka, na mvua ikinyesha susa huchomoza hapo kabla ya kwingine. Mtu anayejua gunda akisoma Lawino anaisikia njaa ya mwezi wa Machi ndani ya methali. Anaelewa kwamba mwanamke huyu hana makumbusho anayoyalinda. Anachokilinda ni chakula cha jioni.

Kuna sehemu nzima ya utenzi huo ambapo Lawino anatutembeza ndani ya nyumba ya mamake: mawe ya kusagia, vyungu, kuni, vyakula na vyombo vyake. Kwenye miongozo ya mitihani sehemu hiyo iko chini ya kichwa "mgongano wa tamaduni". Nilipoisoma mwenyewe niliona mtu anayeipenda nyumba na kujua kila kitu kilipo gizani. Hiyo ndiyo makala ya nyumbani na bustani tunayoitafuta kila Septemba. Ilishaandikwa, zaidi ya nusu karne iliyopita, na hakuna mshumaa hata mmoja wa mdalasini.

Nilikisoma kitabu hicho chuoni, kabla karo haijanishinda. Nakala ya maktaba ilikuwa imepigwa mistari ya penseli na vizazi vya wanafunzi. Mistari ilikuwa imejazana kwenye kurasa za boga, za dini, za siasa. Kurasa za jikoni zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani jana. Hakuna aliyeona kitu cha kupigia mstari pale.

Mwaka huo huo wa 1966, mchapishaji huyo huyo alitoa The Promised Land ya Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo. Ochola na mkewe kijana Nyapol wanaondoka Seme kwenda Tanganyika, upande wa Musoma, kutafuta ardhi nzuri. Sisi watu wa Nyatike tunaielewa safari hiyo bila ramani. Mpaka uko hapo, na familia nyingi zina nusu upande huu na nusu upande ule. Ochola anapata anachokitafuta. Ardhi inazaa, mali inakuja. Kisha jirani mganga anamwonea wivu, mwili wa Ochola unaota ugonjwa wa kutisha kama miiba, na mwishowe wanalazimika kurudi Seme na kuacha jasho lao nyuma.

Kitabu hiki husomwa kama hadithi ya tamaa, au ya mganga dhidi ya daktari wa misheni. Mimi kinanikwaza mahali pengine. Ogot anajua kuandika ardhi kama utajiri. Tunaambiwa shamba limezaa. Lakini ni mara chache tunakaa shambani mwa Ochola tukaonja kilichozaa. Mavuno ni hesabu, na hesabu hiyo iko pale ili ije ipotezwe. Riwaya ina haraka ya kumwadhibu. Nyapol, ambaye hakutaka kwenda, ndiye angetuambia mboga ya ugenini ilikuwa na ladha gani, ilichukua muda gani kuacha kuonja kama ya ugenini. Hatupewi nafasi ya kutosha ya kumsikiliza akipika. Nampenda Ogot, na ndiyo maana nasema: ardhi ya ahadi ambayo hatukuionja, hasara yake tunaijua kwa akili tu.

Sasa najua kuna msomaji, labda ni wewe, ambaye tayari amekunja uso. Unasema: raha kwa nani? Nani alisiriba hiyo nyumba? Nani alibeba hayo maji kabla mvua haijaja? Swali lako ni la haki, na makala yoyote ya bustani inayolikwepa ni ya uongo.

Jamaica Kincaid, aliyezaliwa Antigua na kuishi Vermont kule Marekani, alichapisha My Garden (Book): mwaka 1999. Anapenda bustani yake kiasi cha kuchekesha, ananunua mimea kama mtu mwenye ulevi. Lakini hakuachi ustarehe. Anauliza mimea ilihamishwa na nani, majina ya Kilatini yalifuta majina gani, na mikono ya nani ililima ili wengine watembee jioni wakinusa maua. Ninachojifunza kwake ni kwamba swali halikuua raha. Raha imekuwa kubwa zaidi kwa sababu sasa ina ukweli ndani.

Jambo hilo tunalo karibu zaidi ya Vermont. The River and the Source ya Margaret Ogola, ya 1994, ilisomwa na shule nzima nzima nchini, na kila mtu anamkumbuka Akoko kama "mwanamke jasiri". Ni kweli. Lakini ujasiri wake una mizizi shambani. Akoko ni mchapakazi, na anapodharauliwa kwenye boma la mumewe, kazi ya mikono yake ndiyo hoja yake. Ana ng'ombe thelathini za mahari nyuma yake na mashamba yaliyolimwa mbele yake. Mtihani hukuuliza kuhusu nafasi ya mwanamke katika jamii. Ungeweza kukuuliza mwanamke huyo alihisi nini alipoliangalia shamba lake limesimama vizuri, kabla mtu hajaja kumharibia siku. Fahari ya namna hiyo nayo ni raha. Ni ya aliyefanya kazi, si ya aliyealikwa kula.

Na tusidanganyane kwamba orundu ni mahali huru. Katika mila za Wajaluo kupanda kuna zamu. Kuna golo kodhi, kutoa mbegu, ambapo mke mkubwa hutangulia na wengine hufuata kwa daraja, na tendo hilo linafungamana na kitanda cha ndoa. Mjane anayefuata mila hizo anaweza kuona mvua inanyesha, mbegu anazo, na bado anangoja mtu mwingine amfungulie msimu. Wapo wanaoifuata mila hii kwa kuridhika, wapo wanaoipita kimya kimya usiku, na wapo waliookoka wakaiacha. Lakini ukiandika kuhusu mvua ya kwanza ya Machi na usimwone yule mama aliyesimama mlangoni na mbegu mkononi, umeandika tangazo la chai.

Hapo ndipo aina nyingine ya uandishi wetu inaponichosha kuliko hata ule wa mshumaa. Ni uandishi wa Desemba. Kijana wa mjini anapanda basi la usiku, anafika ushago, anachinjiwa kuku, anapiga picha ya nyanya akicheka, anaandika kwamba amekumbuka yeye ni nani, kisha tarehe mbili Januari yuko barabarani. Ameona chakula. Hakuona palizi. Palizi iko Aprili na Mei, matope yamekwama kwenye jembe, mgongo umekataa kunyooka, na hakuna anayekupiga picha. Kwa hiyo kijiji cha fasihi yetu mpya kina mavuno yasiyo na msimu. Kila siku ni Desemba, na nyanya hana kazi nyingine isipokuwa kutupa mizizi.

Mama mmoja jirani, nilipomwambia naandika kuhusu raha za bustani, alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyathina, raha gani? Njoo upalilie kwanza." Nikaenda, na kufikia saa nne jua lilikuwa limenimaliza. Lakini tulipokaa chini ya mwembe kuchambua dek, vidole vikinuka ule ukali wake, ni yeye aliyesema bila kuulizwa kwamba saa hii ndiyo anaipenda siku nzima. Hakuna anayemtuma mtu anapochambua. Mikono ina kazi, kwa hiyo mdomo uko huru. Hakuona kwamba amejipinga. Na kweli hakuwa amejipinga.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu Osiri haijulikani kwa mboga. Ukiitaja popote, watu wanasema dhahabu.

Eneo hili la Nyatike lina historia ndefu ya machimbo. Mgodi mkubwa wa Macalder, uliofanya kazi tangu enzi ya mkoloni, ulifungwa 1966, mwaka ule ule uliotupa Lawino na Ochola. Wakubwa wakaondoka, mashimo yakabaki, na watu wakaendelea wenyewe kwa sululu, tochi na kamba. Leo hapa Osiri mashine za kusaga mawe zinanguruma mchana kutwa, na vumbi lake linatua kwenye majani ya osuga kama poda. Wanaume wanashuka mashimoni. Wanawake wengi wanaponda na kuosha. Zebaki inashikanisha chembe za dhahabu, kisha inachomwa motoni ili ibaki dhahabu peke yake, na moshi wake hauna heshima kwa aliye karibu. Kinachomwagika kinaingia kwenye udongo na maji yale yale yanayolea mboga.

Sitawahubiria watu wa shimoni. Dhahabu imelipa karo za watoto wengi hapa, pengine kuliko mahindi. Imejenga nyumba za mabati ambazo mvua inazipiga nikisikiliza. Mtu anayeponda mawe asubuhi ndiye huyo huyo anayepalilia jioni. Hakuna kambi mbili.

Lakini fikiria jinsi shamba linavyopewa thamani. Likiuzwa au likikodishwa hapa, swali la kwanza ni nini kiko chini. Na sheria ina kichekesho chake. Kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Yaani yule mama wa jirani, dhahabu iliyo chini ya orundu yake si yake. Kilicho chake bila ubishi ni dek. Na dek ndicho kitu pekee shambani pale ambacho hakuna anayekitaja mnunuzi akija, hata yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kina uzito wa kutajwa.

Hapa ndipo naona kazi ya fasihi, bila kuipa ukubwa isiokuwa nao. Shairi halizuii tingatinga. Lakini watu hutetea kile walichozoea kukisema. Kama kila boga tulilosoma lilikuwa alama ya utamaduni, basi siku boga lenyewe linapong'olewa tunajifariji kwamba utamaduni uko salama kwenye tamasha la kaunti, na ngoma, na fulana. Na kama lugha pekee tuliyo nayo ya kupenda bustani ni ile ya jioni za Septemba za mbali, basi bustani ya Machi, yenye vumbi la mashine na harufu ya samadi, haitaonekana kama bustani. Itaonekana kama kiwanja kinachongoja kuchimbwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wenzangu wa rika hili, wanaolipwa kwa makala, wanaolipwa kwa "tutakutangaza", na wasiolipwa kabisa: andikeni msimu mlio nao. Wa Nairobi, una Aprili, maji yakipanda ngazi za ploti na sukuma ya kwenye gunia ikinawiri kuliko wewe. Wa Mombasa, una kaskazi ikigeuka kusi. Wa Kampala, unajua panzi wa nsenene wanafika lini kuliko unavyojua mishahara inafika lini. Tuambie nani alipanda, nani alikula, na nani alisubiri. Raha haitapungua. Itapata uchungu kidogo, kama dek ya siku ya kwanza, na tunajua uchungu huo unatibiwa na nini.

Na wewe msomaji, ukipata nakala ya Lawino, ya kuazima au ya mitumba pale barabarani, fanya uchambuzi upya. Kaa mahali ukiwa na njaa kidogo. Toa shina, weka jani. Nimekuandalia na swali, maana najua Mkenya hasomi bila swali:

"Boga hili liliota mwezi gani, nani alichuma majani yake, na yalipikwa na nini? Jibu kikamilifu. Alama ishirini."